Pima Tena

Katika wodi yetu ya upasuaji wa wanawake hakuna aliyewahi kunikataza kuita kikosi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndivyo wote walivyojitetea baadaye: hakuna aliyekataza. Waliniambia tu, "Pima tena."

Kikosi cha haraka cha hospitali yetu ni daktari mmoja na wauguzi wawili kutoka chumba cha mahututi, pamoja na toroli lao la dawa na oksijeni. Kazi yao si kufufua. Kufufua ni kazi ya mwisho, na mara nyingi haifui dafu. Wao humkimbilia mgonjwa anayeanza kuteremka, kabla hajafika chini. Kanuni imebandikwa ukutani, juu ya simu ya wodi: pumzi zikienda mbio, presha ikishuka, mkojo ukipungua, akili ikianza kutangatanga, jumlisha alama. Zikifika tano, piga simu. Na chini kabisa, kwa herufi kubwa: HUHITAJI RUHUSA YA MTU YEYOTE.

Nilipoajiriwa, nimetoka chuoni juzi tu, niliyasoma maneno hayo kama msichana anavyosoma barua ya posa. Nilidhani nimefika mahali ambapo mtu hafi kwa sababu ya aibu ya mtu mwingine.

Ila juu ya kabati, kando ya simu hiyohiyo, lilikaa kombe. Uongozi ulikuwa ukilitoa mara kwa mara kwa wodi iliyoita kikosi mara chache kuliko zote. Mtu fulani huko ghorofani aliwaza kwamba wodi isiyoita ndiyo wodi inayotunza wagonjwa vizuri. Ni sawa na kuupa zawadi mtaa usiowaita zimamoto, bila kwenda kutazama kama nyumba bado zimesimama.

Kombe lilikuwa letu, likaendelea kuwa letu, na siri yake ilikuwa "pima tena." Ukimpima mgonjwa alama zikafika tano, Sista, mkuu wa wodi, alikwambia maneno hayo bila kuinua macho. Basi unarudi kitandani. Unamwinulia mto, unamwacha atulie, unamhesabia pumzi nusu nusu, na alama zinarudi nne. Tulikuwa na jina la kazi hiyo: kupoza.

"Umempoza?"

"Nimempoza."

Kama vile mgonjwa ni chai.

Mimi waliniita Digrii. "Digrii, leta bedipani." "Digrii, chuoni hawakufundisha kutandika shuka?" Sikukasirika. Katika kila kazi mgeni hutaniwa, na wenzangu walikuwa na mikono myepesi kuliko yangu. Nilichokasirikia ni kile kitenzi kimoja, kupoza, na jinsi kilivyozoeleka midomoni mwao hata hakuna aliyekisikia tena.

Kisha akaja Fundi.

Alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa sare za shule. Utumbo ulikuwa umejisokota, akapasuliwa, kipande kibovu kikakatwa na ncha mbili zikaunganishwa. Tukamlaza kitanda cha dirishani. Siku iliyofuata ulimi wake ulipona kabla ya miguu.

"Wewe binti, njoo hapa. Nani amekushonea hilo gauni?"

"Tumepewa na hospitali, mama."

"Mna ugomvi? Bega moja linakwenda kazini, jingine linakwenda harusini."

Wodi nzima ilicheka, hata wale walioshonwa tumbo na kukatazwa kucheka. Mume wake, dereva wa lori aliyestaafu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akimmenyea chungwa ambalo hakuruhusiwa kula.

"Mzoee tu, mwanangu," aliniambia. "Siku ya kwanza tulipokutana alinitazama shati, akasema kola yangu haina adabu. Nikamwoa nipate amani."

"Ukaipata?" aliuliza mgonjwa wa kitanda cha jirani.

"Naisubiri."

Kesho yake asubuhi nilimkuta mzee huyo amesimama mlangoni, kofia mkononi, kabla ya saa ya kutazama wagonjwa.

"Mwanangu, njoo umwone mke wangu. Ananijibu 'ndiyo.'"

"Si vizuri, baba?"

"Nimeishi naye mpaka tumepata wajukuu. Hajawahi kunijibu 'ndiyo' bila kuongeza kitu."

Nilikwenda. Mikono ya Fundi ilikuwa ya baridi, paji la uso lina jasho. Alipumua kama mtu aliyepanda ngazi, naye amelala. Tumbo lilikuwa gumu kama ubao. Mfuko wa mkojo ulikuwa karibu mtupu, na kile kidogo kilichokuwamo kilikuwa na rangi ya chai ya rangi. Nilipomwuliza anaumwa wapi alinitazama kwa adabu. Adabu ile ndiyo iliyonitisha. Nikapima, nikajumlisha. Sita.

Sista alikuwa akitandika kitambaa cheupe juu ya meza ya wauguzi. Siku hiyo mkurugenzi alikuwa anakuja kutukabidhi kombe upya, na mpiga picha.

"Sista, kitanda cha dirishani ana sita. Napiga simu."

"Pima tena."

"Nimepima vizuri."

"Ametoka kugeuzwa sasa hivi. Maumivu hukimbiza pumzi. Mpe dawa ya maumivu, mwache apumzike, halafu pima tena." Alivuta kona ya kitambaa ikae sawa. "Digrii, mgonjwa si hesabu ya darasani."

Nilimpa dawa. Nikasubiri. Nikapima tena, na sikumpoza: nilihesabu pumzi moja moja, mkono wangu kifuani pake, mume wake akinitazama midomo kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani. Ilikuwa saba.

Safari hii Sista aliinua macho. Hakuwa mtu mbaya, na hilo linaniudhi mpaka leo, kwa sababu mtu mbaya ni rahisi kumchukia. Alikwenda mwenyewe kitandani, akamshika Fundi mkono, akarudi anatembea haraka. Nikadhani anaelekea simu ya kikosi. Akampigia daktari mpasuaji, aliyekuwa thieta na mgonjwa mwingine. Mtu wa huko alimshikia simu sikioni, na sauti yake ilitufikia sote wawili.

"Yule? Yule nimemfunga kwa mkono wangu. Mpeni dripu, ongezeni kasi, nitapita nikimaliza huyu. Na msiniitie wale wakimbiaji wenu. Wakifika tu watasema kazi yangu imevuja."

"Na kama imevuja kweli?" nilisema.

Sista alifunika simu kwa kiganja. "Ulimi wako utakuponza."

"Wa kuponzwa hapa ni mwingine, Sista."

Alinivuta mpaka chumba cha dawa, akarudisha mlango. Nilitegemea matusi. Badala yake alisema kwa sauti ya chini, "Unajua kwa nini siwaiti? Kikosi kilipoanza, niliwaita. Mgonjwa alikuwa ana homa, basi, mimi nikaogopa. Daktari wao wa wakati ule akanisimamisha katikati ya wodi, mbele ya wagonjwa wangu, mbele ya mfagiaji. Akaniuliza kama nilisomea uuguzi au upishi. 'Umetukimbiza kwa homa?' akasema. Nilikuwa nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa."

Nilimhurumia. Kisha nikakasirika kwamba namhurumia, kwa maana huruma ile ilikuwa inakula muda wa mtu.

"Daktari yule alikosa," nilimwambia. "Lakini mama wa dirishani hakuwepo siku hiyo. Kwa nini deni hilo alilipe yeye?"

Alifungua mlango. "Weka dripu. Daktari wake anakuja."

Niliweka dripu. Maji yaliingia, presha ikapanda kidogo, kiasi cha kumfanya Sista apumue, kisha ikateremka chini ya pale ilipoanzia. Kila nilipopita, mzee aliniuliza.

"Daktari anakuja?"

"Anakuja, baba."

"Anatoka nchi gani?"

Angenitukana ningeona nafuu. Mzee yule aliendelea kuniita mwanangu.

Mchana mkurugenzi aliingia na msafara wake: watu wa utawala, mpiga picha, mhasibu aliyebeba kombe limeng'arishwa upya. Sista aliagiza tuvute pazia la kitanda cha dirishani. "Kwa heshima ya mgonjwa," alisema. Nilibaki ndani ya pazia na Fundi na mume wake, nikifunga na kufungua kipimo cha presha kwenye mkono uliozidi kuwa baridi.

Nje ya pazia sauti nene ilianza kuhutubia. Wodi hii ni mfano. Wodi hii imetufundisha utulivu.

Fundi alifumbua macho, akamtazama mumewe bila kumwona. "Zima cherehani," alisema. "Inanipigia kelele."

"Nimezima, mke wangu."

"Mbona inakwenda?"

Mzee alinitazama. Nilitazama kipimo. Namba ya juu ya presha ilikuwa imeshuka mahali ambapo hakuna dawa ya maumivu wala mto wa kuinua unaoweza kuipoza. Kabla sijasimama, mzee alikuwa ameshalifungua pazia. Dereva wa lori aliyestaafu, kofia bado mkononi, alitembea mpaka mbele ya meza yenye kitambaa cheupe.

"Mheshimiwa, samahani kukukatiza," alisema. "Huo utulivu unaousifia uko nyuma ya pazia lile. Unakufa."

Hakuna aliyejua auweke wapi uso wake. Mpiga picha alishusha kamera. Mtu wa utawala alimshika mzee bega, akaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa: baba, tunakuelewa, twende nje tuzungumze, wauguzi wanalishughulikia. Mzee aliutoa ule mkono begani kama mtu anayetoa mdudu.

"Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Walimsema mgonjwa! Hawakujua itafika siku hospitali ndiyo itaficha."

Nilikuwa nimeshafika kwenye simu, na juu ya simu kulikuwa na mkono wa Sista.

"Wanatoka sasa hivi," alininong'oneza. Macho yake yalikuwa kwa mkurugenzi. "Kidogo tu. Usinivue nguo mbele za watu."

"Toa mkono, Sista."

"Digrii, nakuomba kama mama yako."

"Mama yangu angeutoa."

Hakuutoa. Nikaushika, nikauondoa kidole kwa kidole, mbele ya mkurugenzi na mhasibu na kombe, na nikapiga. Sauti ya upande wa pili haikuniuliza cheo changu wala ruhusa yangu. Iliuliza wodi gani, kitanda gani, ikasema, "Tunakuja."

Walikuja mbio. Toroli lilipita katikati ya wageni, likavuta kitambaa cheupe, maua yakaanguka. Daktari wa kikosi alikuwa mwanamke mfupi mwenye raba zilizochakaa.

"Nani ameita?"

"Mimi."

"Asante kwa kuita. Niambie."

Asante kwa kuita. Baadaye nilijua ndivyo walivyofundishwa kusema kila mara, hata wakiitwa kwa homa, kwa sababu mtu mmoja zamani aliwahi kudhalilishwa katikati ya wodi na habari hiyo iliwafikia. Walikuwa wamebadilika. Hakuna aliyewahi kuja kumwambia Sista, na Sista hakuwahi kuwaita ajue.

Nilimweleza daktari. Yeye alisikiliza huku mikono yake ikifanya kazi: oksijeni, sindano kubwa ya pili, dawa za kuua vijidudu, dawa ya kuipandisha presha.

"Amekuwa hivi tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Mikono haikusimama. "Asubuhi," alirudia, taratibu, kama mtu anayeonja chakula kilichochacha. Kisha akamgeukia mkurugenzi, aliyekuwa amesogea kuonyesha kwamba yupo. "Wewe umebeba oksijeni?"

"Mimi ni mkurug..."

"Kama hujabeba oksijeni, toka njiani."

Kazi ya mpasuaji ilikuwa imevuja, pale alipoziunganisha ncha za utumbo. Fundi alirudishwa thieta mchana uleule, tumbo likasafishwa, akapelekwa mahututi. Aliishi.

Aliishi. Neno hilo lilifagia kila kitu. Kwenye kikao cha kulijadili tukio hilo mkurugenzi alisimama akasema, "Mfumo umefanya kazi. Kikosi kiliitwa, kikafika, mgonjwa yu hai." Watu wakapiga makofi. Mpasuaji alisema uvujaji ni jambo linalojulikana, humpata hata mpasuaji bora, na hapo alisema kweli. Mtu wa utawala akatoa wazo: labda sasa tugeuze, kombe liende kwa wodi inayoita mara nyingi zaidi. Walilijadili. Naapa, walilijadili kwa dhati, mmoja akiuliza kama wodi ndogo hazitaonewa.

Nilisimama.

"Mmemwona mikono?" niliuliza. "Kuna mtu hapa ameshuka mahututi kumtazama mikono?"

Hakuna aliyekuwa ameshuka. Presha ikikaa chini kwa muda mrefu, mwili huivuta damu kuokoa moyo na ubongo, na vidole huachwa vijitegemee. Vya Fundi vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi kwenye ncha, vitatu vya mkono wa kulia, kidole gumba kikiwa kimojawapo. Ilikuwa lazima vikatwe. Daktari wa kikosi alikuwa amenieleza bila kupamba: tungemfikia asubuhi, huenda vyote vingebaki.

"Ni mshonaji," niliwaambia. "Mnapiga makofi kwa sababu hatukumwua. Hiyo ndiyo shabaha yetu? Kutoua? Alikuwa na alama sita asubuhi, saba baadaye, na sisi tulikuwa tunatandika kitambaa. Msitafute kombe jingine. Mgonjwa si ligi. Ondoeni kabisa, acheni watu waite bila kuona haya!"

"Kijana ana uchungu," alisema mkurugenzi kwa upole uliokuwa kama kofi. "Tunamwelewa. Ila familia wakiuliza, jibu letu ni moja: ugonjwa ulikuwa mkali."

Sista alikuwa amekaa safu ya nyuma.

Fundi alirudi wodini baada ya vidole kukatwa. Tukampa kitanda karibu na mlango, dirishani palikuwa na mtu. Mkono wa kulia ulikuwa umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo. Hakumwambia mtu yeyote chochote kuhusu nguo zake. Mumewe alimlisha uji kwa kijiko, na mara moja moja alimtania, naye hakujibu.

Siku ya pili aliniita kwa kichwa.

"Binti. Mzee wangu anasema ulipiga simu."

"Ndiyo, mama."

"Anasema pia mlinipima asubuhi. Mimi sikumbuki. Nakumbuka cherehani tu." Aliuinua mkono uliofungwa, akautazama kana kwamba ni mzigo wa mtu mwingine alioombwa ashike. "Kuanzia asubuhi mpaka simu, mlikuwa mnafanya nini?"

Ugonjwa ulikuwa mkali. Lilikuwa jibu fupi, na lilikuwa na ukweli ndani yake, kama uongo wote uliopikwa vizuri. Nilimwona Sista, meza ya pili, ameacha kukunja shuka. Alikuwa akisikiliza.

"Tulijua," nilisema. "Alama zako zilitosha kuita tangu mara ya kwanza. Niliambiwa nipime tena, nikapima tena. Kulikuwa na wageni. Ungefikiwa mapema huenda vidole vingebaki, mama. Tumeagizwa tusikwambie hivyo."

Mzee aliweka kijiko chini. Fundi hakulia. Uso wake ulikaza polepole, na nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa kuwa ilikuwa mara ya kwanza tangu arudi kwamba uso ule ulikuwa wa mtu ninayemjua.

"Nani alikwambia upime tena?"

Sikuhitaji kujibu. Sista alikuwa ameshafika upande wa pili wa kitanda, mikono ikining'inia.

"Ni mimi," alisema. "Na alipotaka kupiga simu, niliizuia. Mkono huu. Nakuomba ra..."

"Usiniombe radhi!" Sauti ya Fundi ilifika mpaka korido, na wagonjwa wakainua vichwa. "Ukishaomba radhi utakwenda nyumbani umepata nafuu. Mimi nafuu yangu iko wapi? Nina sare za shule nzima zimekatwa, hazijashonwa, zimelala mezani. Nitashona kwa nini, kwa meno?"

Fundi alimkazia macho.

"Mkurugenzi wenu anajua unavyonijibu hivi?"

"Hajui."

"Atajua kutoka kwangu, na pia kutoka kwako. Mbele yangu." Alijaribu kujiinua, mkono uliofungwa ukamwangusha tena kwenye mto, akasonya. "Shika hapa. Niinue. Si wewe, binti, yeye."

Sista aliinama, akapitisha mkono chini ya mabega yake, akamkalisha, akamwekea mto mgongoni. Fundi hakumshukuru.

"Vuta kiti," alisema. "Anza asubuhi, ulipofika kazini. Nieleze yote, wala usiruke kitu."

Sista alivuta kile kiti cha plastiki, akakaa, akaanza.